Tangi la pili la maji moto linavuja, ninunue la tatu?

BintiSabaki
Asalaam aleikum jamani. Nina nyumba ya wageni vyumba vinne hapa Malindi upande wa Casuarina, juu kuna sola ya maji moto, tangi lita 200, na ndani lina elementi ya stima ya siku za mawingu. Tangi la kwanza lilikaa miaka minne likatoboka. Nikanunua jingine la bei zaidi, nikaambiwa hilo ndo la kudumu, na hata miaka mitatu haijatimia juzi naona mstari wa kutu ukutani na maji yanatona. Tukiwasha stima linalia kama bisi kwenye sufuria. Kusi ishaingia, wageni asubuhi wanataka maji moto na mamangu ana baridi yabisi hawezi kabisa kuoga ya baridi. Maji tunayotumia mengi ni ya kisima, yana chumvi, ya mfereji huja kwa zamu. Sasa shida ni tangi, ni fundi au ni maji? Nimechoka wallahi.

fundi_paa
Waaleikum salaam dada. Usinunue kitu kwanza. Je umeshawahi kubadilisha anodi? Ni ile fimbo iko ndani ya tangi, ya magnesiamu au aluminiamu, kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya chuma cha tangi. Ikiisha, kutu inahamia kwenye tangi, na maji ya kisima yenye chumvi yanaimaliza upesi sana. Mafundi wengi hatuwaambii watu jambo hili na ni makosa yetu, mtu anafungiwa tangi anaachwa hivohivo mpaka livuje.

Hiyo sauti ya bisi ni ukoko wa chokaa kwenye elementi. Huku kwetu visima vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yanabeba chokaa, yakipashwa moto chokaa inaganda. Maji yanayonasa chini ya ukoko ndo yanachemka na kupasuka hivo. Thamostati umeweka ngapi? Ikipita nyuzi 60 ukoko unazidi, lakini usishushe sana chini ya hapo manake vijidudu hustawi kwenye maji ya vuguvugu.

Kabla ya yote angalia yanakotoka. Kama ni mwili wa tangi lenyewe basi limekwisha, kuchomelea ni kutupa pesa. Lakini mara nyingi ni gasketi ya kifuniko cha elementi au vali ya usalama. Kazi hiyo ifanywe alfajiri kabla jua halijapiga sola, stima ikiwa imezimwa kule kwenye swichi kubwa, la sivyo mtu ataungua.

MwanaShela
Huku Lamu sie maji ya mfereji yanatoka chini ya machuguu ya mchanga ya Shela, ni matamu, hayafanani na hayo yenu. Lakini nyumba zilizo na visima karibu na bahari zina taabu hiyohiyo. Jirani alinunua tangi la stenlesi akidhani amepona, likatoboka vidoti vidoti kama limedungwa sindano. Chumvi na moto pamoja vinakula hata stenlesi, ile ya daraja la 316 ndo huvumilia zaidi ya ile ya 304. Ushauri wangu dada, vuna maji ya mvua. Wazee walijenga majabia, yale matangi ya mawe ya kuwekea maji ya mvua, wakaishi nayo, nawe una paa kubwa, weka tangi la plastiki chini na uyapeleke maji hayo kwenye sola peke yake, ya kisima yabaki ya kufulia na chooni.

mpwani_leicester
Mimi mzaliwa wa Malindi niko Uingereza. Hapa boila ya gesi ya kupasha nyumba moto hukaa miaka 10 hadi 15, na si kwa sababu chuma chao ni bora. Maji ya kwenye redieta, vile vyuma vya ukutani vya kupasha vyumba, ni yaleyale yanazunguka, yametiwa dawa ya kuzuia kutu, na kuna chujio la sumaku la kunasa tope jeusi. Halafu kila mwaka anakuja fundi aliyesajiliwa kuikagua. Tangi lenu kila siku linaingiza maji mapya yenye chumvi na hewa mpya, kwa hiyo ukaguzi wa mara moja kwa mwaka ni mchache, fanya kila miezi sita. Na karatasi ya waranti isome, nyingi zinadai uthibitisho kwamba anodi ilibadilishwa.

BintiSabaki
Jamani Mungu awalipe. Leo alfajiri tumefungua. Ilikuwa gasketi! Imeliwa na boliti za kifuniko zimeoza, ile kutu ya ukutani ilitoka hapo. Anodi imebaki waya mtupu. Chini tumetoa ukoko karibu nusu ndoo, elementi tumeilaza kwenye siki. Ndani kuna madoa mawili matatu ya kutu, fundi hakuniahidi miaka mingi. @fundi_paa niweke anodi gani?

fundi_paa
Kwa maji hayo weka ya aluminiamu, ya magnesiamu itakwisha upesi. Ukifungua tena baada ya miezi sita ukaona waya wa katikati umeanza kutokeza, badilisha palepale. Andika tarehe kwa kalamu ya rangi juu ya tangi.

BintiSabaki
Nshaandika. Na mama ameshaoga.