Naomba ushauri: ethi ya redio ya masafa mafupi

Wakuu, habari za leo. Nipo Dodoma, ghorofa ya kwanza, nasikiliza masafa mafupi. Antena ni waya wa mita 15 kutoka dirishani hadi kwenye mwarobaini. Usiku bendi ya mita 31 (sehemu mojawapo ya masafa mafupi) inajaa mvumo. Nikichomoa chaja ya simu unapungua, ila hauishi. Kwa ajili ya ethi, yaani kuiunganisha redio na ardhi kwa waya, nimechimbia kipande cha nondo, nusu mita hivi, sijaona tofauti. Udongo wa huku mkavu kama unga!

Nipigilie fimbo ya shaba ndefu zaidi niwe naimwagia maji? Na waya wa kushuka toka ghorofani si utageuka antena nyingine? Fundi mmoja kanikataza kuiunga ethi ya redio na ethi ya umeme wa nyumba, mwingine anasema lazima ziunganishwe. Nimsikilize yupi?