Mume wangu anafundisha Pemba mwaka wa tatu sasa, nimfuate au nibaki Mombasa?

Bint Likoni:
Asalaam aleykum jamani. Nauliza wale mlio Pemba ama mliowahi kukaa huko. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu na fizikia, alipata kazi shule moja ya binafsi Chake Chake, akaenda tukikubaliana ni mwaka mmoja tu akusanye pesa arudi. Mwaka ukawa miwili na sasa wamemuongezea tena mkataba. Akija likizo ni wiki mbili tatu, mtoto akianza tu kumzoea siku ya kuondoka imefika. Juzi kijana wetu wa miaka mitano alinikuta naongea na simu akaniuliza "ni yule baba wa kwa simu?" Nilikata simu nikaenda kulia jikoni.

Sasa mume asema nihamie mazima. Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu hapa Likoni, mashine mbili na msichana mmoja wa kunisaidia, nashona madera na sare za shule, si pesa nyingi lakini kodi nalipa na mchango wa chama chetu cha akiba sijawahi kukosa hata mwezi mmoja. Mamangu asema usiache kazi yako, mama mkwe asema mke mahala pake ni kwa mumewe, na wote wawili nawapenda na wote naona wana haki.

Nataka kujua makaratasi yakoje, mtoto ataingia shule gani, stima ipo ya kutosha ya kuendesha mashine, na je nitaruhusiwa kushona? Na njia. Baharini naogopa, toka ile meli ya Spice Islander ilipozama 2011 mimi nikiona meli imejaa watu moyo unanienda mbio. Niambieni ukweli tu.

Mtoto wa Micheweni:
Waaleykum salaam dadaangu, karibu sana. Kwanza usijione mgeni, Pemba na huko kwenu ni ndugu wa siku nyingi. Januari 2001 yalipotokea yale matatizo ya siasa jamaa zetu wengi walivuka usiku kwa madau wakapokewa Shimoni huko pwani ya Kenya, watu wakawagaia chakula chao wenyewe, wazee hapa mpaka leo wanalitaja hilo. Na 2023 serikali yenu ikawatambua Wapemba wa huko kuwa ni kabila la Kenya, kuna mashangazi zangu wawili Kwale wamepata vitambulisho uzeeni. Kwa hiyo ukisema umetoka Mombasa utaulizwa tu unamjua fulani.

Ile ya 2011 usiiseme, mtaani kwetu kuna nyumba ilibaki na bibi na wajukuu tu. Ilikua inatoka Unguja kuja huku usiku, imepakia kupita kiasi. Hofu yako siicheki hata kidogo. Njia yako wewe ni basi mpaka Lunga Lunga, unagonga muhuri, unaingia Horohoro, unalala Tanga, unapanda meli ya Pemba. Haiendi kila siku kwa hiyo mwambie mumeo aulizie siku kabla hujakata tiketi ya basi. Kama roho haikubali kabisa basi ndege ndogo zipo, zinatua hapo karibu na Chake, ila nauli ndo hiyo. Nakuomba kitu kimoja, asije mtu akakushauri upande mashua za mizigo za Shimoni kwa sababu ni rahisi. Mkondo wa Pemba wakati wa kusi si wa kuchezea na mtoto mdogo, halafu ukishuka bila muhuri kwenye paspoti utahangaika nao mwaka mzima.

Na jingine, huko kwenu miraa na muguka watu wanauziana barabarani, huku ni kesi, hata majani mawili kwenye pochi. Na ukirudi usibebe karafuu za kuwapelekea watu zawadi. Huku karafuu inauzwa shirika la serikali tu, ukikutwa nayo bandarini ni magendo.

Mama Nasra Tibirinzi:
Mdogo wangu nimekusoma mara mbili maana ulichoandika ndo nilichopitia mimi. Natoka Malindi, mume wangu anafundisha hapa Chake, nilimfuata baada ya miaka miwili na nusu.

Makaratasi si magumu, ni marefu. Kuingia Mkenya hahitaji viza, lakini uwe na paspoti, kitambulisho peke yake Tanzania hakitoshi, na ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, ya mtoto pia. Kukaa sasa, mumeo kwa vile ana kibali cha kazi atakuombea kibali cha mtegemezi wewe na mtoto. Cheti cha ndoa na cha kuzaliwa kwa mtoto njoo navyo vile halisi, mimi nilikuja na kopi nikarudishwa nyumbani kuvifuata. Mkifika mwende kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa mnaokaa, mkajitambulishe, sheha ndo mlango wa kila kitu huku, barua za makazi zinatoka kwake. Kile kibali cha mtegemezi hakikupi ruhusa ya kufanya kazi wala kufungua biashara, hilo ulijue mapema. Ukitaka kushona kwa kuuza lazima uombe kibali chako mwenyewe.

Mtoto wa miaka mitano ataingia maandalizi, halafu darasa la kwanza. Asubuhi skuli, mchana chuo cha Kurani, jioni anacheza nje na wenzake mpaka magharibi bila wewe kuangalia dirishani. Kwa hilo peke yake mimi namshukuru Mungu. Wangu alikuja anasema stima na kwaheri ya Kiingereza, mwezi wa pili anasema umeme na anamsalimia kila mtu mzima njiani.

Sasa lile ambalo hakuna aliyeniambia. Mimi nilijiandaa na bahari, joto, mbu, lakini taabu haikuwa hiyo, ilikuwa ni kumkuta mume wangu ana maisha yake yote kamili bila mimi. Anajua anakula wapi, nani anamfulia, baraza gani anakaa baada ya isha, barabara nzima wanamuita mwalimu mwalimu, na mimi sina jina, ni mke wa mwalimu. Kule Malindi nilikuwa na pesa yangu mwenyewe, hapa nikitaka sabuni nangoja arudi. Yeye hakuwa mbaya, alikuwa hajui tu. Tuligombana miezi mitatu kwa vitu vidogo, sijui ndoo imewekwa wapi, sijui nani kafunga dirisha, mpaka siku moja nikamwambia mimi nimeacha watu na kazi kwa ajili yako na wewe hujaacha hata kiti chako cha barazani. Akanyamaza. Kesho yake alirudi mapema tukatembea mpaka Wesha kuangalia jua linazama, ndo tukaanza kuongea kama mke na mume.

Kwa hiyo ushauri wangu usifunge kibanda. Muachie huyo msichana mashine, njoo kwanza mwezi mzima wakati skuli ziko wazi, si likizo. Likizo mume ni wako, hujaona chochote. Uje umuone saa kumi na mbili asubuhi anatoka na jioni anarudi na madaftari hamsini ya kusahihisha. Na kabla hujaja mkubaliane pesa ya mkononi mwako kila mwezi ni ngapi, mseme kwa tarakimu, si "tutaona".

Abu Khamis:
Mke anamfuata mumewe, sioni hapa pa kuuliza.

Mwalimu wa zamani:
Abu Khamis kwa heshima, mimi ni huyo mume. Nilifundisha Unguja miaka minne familia iko Voi. Kila mwaka nilimwambia mke wangu aje na sikuwahi hata kumuulizia nyumba, nilikuwa nalala chumba kimoja na walimu wenzangu wawili, ningemuweka wapi? Hakuja, na alikuwa sahihi, nikarudi mimi. Binti yangu mkubwa mpaka leo akiwa na jambo anamwambia mamake kwanza. Dada muulize mumeo swali moja, nyumba ameshaiona? Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa pamoja. Kama pesa ile ameshaiweka pembeni ujue amekusudia.

Fundi Machomane:
Kuhusu kushona. Umeme tunatumia wa waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga toka 2010, kabla ya hapo ilikuwa majenereta na mateso. Unakatika siku nyengine lakini njoo na mashine ya kukanyaga utakuwa salama. Kazi ipo, ila haiji sawa mwaka mzima. Karafuu zikiiva watu wote wako mikarafuuni, hata watoto madarasani wanapungua, mumeo atakuwa anajua. Zikishauzwa ndo zinakuja harusi, mashuka, mapazia, sare, hulali. Miezi mengine unakaa unaangalia barabara. Mishono ya huko Mombasa huku inapendwa sana, ukipata kibali njoo tuonane, mimi nina meza iko wazi.

Bint Likoni:
Nimesoma zote, Mama Nasra nimesoma zako nikamsomea mamangu kwa sauti. Nilimpigia mume wangu jana usiku nikamuuliza ile ya nyumba. Alinyamaza kidogo akasema hajaangalia, alidhani nitakataa. Sikugombana naye. Nimemwambia nakuja shule zikifunguliwa, mwezi mmoja, kibanda hakifungwi, na yeye atafute nyumba yenye chumba cha mtoto na sehemu ya mashine moja. Leo asubuhi amenitumia picha ya nyumba Machomane, ina mwembe mbele. Fundi, meza usimpe mtu.

Mtoto wa Micheweni, ile meli ya Tanga inatoka asubuhi ama usiku? Usiku sipandi.