Nimechora mama na mtungi wa maji, naambiwa nimechora siasa

BrashiYaKisauni:
Assalam aleikum nyote. Nataka ushauri maana hili jambo lanikera mpaka usiku silali. Mimi riziki yangu ni rangi, naandika majina kwenye tuktuk, vibao vya maduka, na nikipata ukuta nachora. Mwezi jana mwenye nyumba mmoja mtaani kwetu alinipa ukuta wa nje akanambia chora chochote kizuri, basi nkachora mama kakaa juu ya mtungi wa manjano wa lita 20, leso kajifunga kiunoni, nyuma yake foleni ya mitungi mpaka kwenye kona, na mfereji umeshikwa na utando wa buibui. Siku nne nzima. Kina mama wakipita wasema huyu ni mimi huyu. Siku ya tano mwenye nyumba kapigiwa simu na mtu, akaja na kopo la rangi nyeupe akanikabidhi mimi mwenyewe nifute, ati hataki siasa ukutani kwake. Nkafuta, nkaanza na uso wa yule mama maana sikuweza kuufuta mwisho. Sasa nauliza, maji yamekuwa siasa lini? Na msanii afanye nini?

MzeeWaKibokoni:
Pole mwanangu. Mombasa hii usanii na utawala havijaachana tangu zamani. Muyaka bin Haji, karne ya 19 huko, alitunga mashairi akiwatetea Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, dhidi ya Sayyid Said wa Oman, na watu wakiyahifadhi. Hata rangi yenyewe, si mwaka 2018 kaunti iliamuru majengo ya mjini yapakwe nyeupe na ukingo wa buluu? Hilo halikuitwa siasa. Na sehemu ya maji yetu yatoka chemchemi za Mzima kwa bomba la miaka ya 1950, mji ushakua mara ngapi tangu hapo. Umechora lililopo.

Dere_wa_Likoni:
Kaka mi nitakwambia wazi, ukuta ni wa mwenyewe na yeye ndiye atakayesumbuliwa, si wewe. Kampeni zikija tunachora sura za wagombea tunalipwa hakuna kelele. Una watoto? Chora jahazi na minazi watalii wanunue, hayo mengine yangoje.

MamaLeso:
Yangoje mpaka lini mwanangu? Hao kina mama wa kwenye foleni ndio sisi, saa kumi za usiku tushaamka. Mimi nauza leso Biashara Street miaka mingi, na nakwambia mwanamke wa Pwani akiwa na neno zito halisemi kwa mdomo, analivaa, jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa chini, lamfikia mlengwa bila ugomvi na hakuna wa kumshtaki. Chora kwenye kitambaa. Ukuta hufutwa, kitambaa hukunjwa ukaenda nacho.

Rangi254:
Naunga mkono Mama. Michael Soi wa Nairobi, 2015 banda la Kenya kwenye maonyesho ya sanaa kule Venice, Italia, lilipojazwa wasanii wengi wa kutoka Uchina, yeye alijibu kwa kuchora, na wasanii wa hapa walipiga kelele mpaka serikali ikajitenga na lile banda. Na huyo Soi huchora hata kwenye mikoba ya kitambaa, watu watembea nayo barabarani. Dere nakuelewa kuhusu watoto lakini jahazi tumechora sote, ukiweka yangu na yako hutajua ipi ya nani.

BrashiYaKisauni:
Shukran sana nyote, na Dere sijakukasirikia, mwenye nyumba nayeye simlaumu sana ana wapangaji. Mama, nshanunua yadi tatu za kitambaa cha marekani, nimeipaka gundi jana imekauka vizuri. Chini nimeacha nafasi ya jina kama ya leso, nitumie moja tafadhali. Yule mama mwenyewe amekubali kukaa tena nimchore, amesema safari hii nisimpunguzie uchovu wa uso.