Tokyo usiku: nataka historia ya mitaa ya starehe, nianzie wapi?

Msafiri_Mashariki:
Habari zenu wadau. Mwezi wa 11 nitakuwa Tokyo kikazi na jioni zote niko huru. Kila nikitafuta habari za Shinjuku naletewa majina ya baa na picha za taa, mimi nataka kujua ile mitaa ilifikaje pale, nani alikuwepo kabla, maana mtaa wa vile hauoti wenyewe. Pombe sio mpenzi sana. Mnanishauri vipi?

kibatari:
Karibu mkuu. Anzia Golden Gai, vichochoro vya baa humohumo Shinjuku, na nenda kwanza mchana baa zikiwa zimefungwa ndo utaona vizuri. Vichochoro sita tu, vyembamba mpaka mkikutana na mtu mnapishana ubavu, na humo zimebanana baa zaidi ya 200, nyingi hazifiki hata viti kumi. Angalia zile ngazi za kwenda juu, zimesimama wima utadhani unapanda darini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wachuuzi walikuwa wanauza vitu vya magendo karibu na stesheni ya Shinjuku, 1949 utawala wa jeshi la Marekani ukaamuru vibanda viondolewe, wakasukumwa hapo Golden Gai ambako wakati ule hakuna mteja anayepita, basi chini ikawa pombe na juu wanawake wanauza miili bila leseni. Sheria ya kupiga marufuku ukahaba ikapitishwa 1956, adhabu zikaanza Aprili 1958, vile vyumba vikageuka baa. Waandishi na watu wa sinema wakapafanya kwao. Halafu miaka ya 80 bei ya ardhi ilipanda kichaa, wanunuzi wakawabana wenyeji wauze, mioto ikawa inazuka watu wakaamini inawashwa makusudi, wakapanga zamu za kulinda usiku. Kwangu mimi hapo ndo penye heshima yote ya ule mtaa, upo mpaka leo sababu kuna watu walikesha.

Bi_Mkubwa:
Kibatari kaeleza vizuri ila mwanangu usianzie kwenye vita, Shinjuku ni ya zamani kuliko hapo. Tangu mwisho wa karne ya 17 palikuwa kituo cha wasafiri wa barabara ya Koshu, na nyumba za wageni ziliweka wasichana, rasmi wanapakua chakula ila kila mtu alijua kazi yao, wengi wameuzwa na familia kwa ajili ya umaskini. Nenda hekalu la Jokakuji, Shinjuku ni-chome, kuna jiwe la kuwakumbuka lililowekwa 1860. Wakifa hakuna ndugu wa kuwadai, wakazikwa hapo pamoja. Watu wanapita nje wakiwahi baa hawageuzi hata shingo, inaniuma. Mtaa huohuo wa ni-chome madanguro yalipofungwa 1958 vyumba vilibaki vitupu, kodi ikashuka, baa za mashoga zikaingia taratibu na sasa ndo panajulikana kwa hizo.

Msafiri_Mashariki:
Asante sana mama, na wewe Kibatari, hili la jiwe sijaliona popote. Na Kabukicho, ule mtaa mkubwa wa starehe wa Shinjuku, je? Naambiwa ni hatari.

dereva_wa_usiku:
Kabukicho iliungua yote 1945, wakazi wakapanga kujenga ukumbi wa maigizo ya kabuki, jina likatolewa 1948, ukumbi wenyewe haukujengwa kamwe. Hatari kubwa ni wapiga debe, anayekuita barabarani kwa bei nzuri usimfuate hata akiongea kiingereza safi, bili ikija utalia. Na ujue treni zinakatika karibu saa sita saba usiku mpaka kama saa kumi na moja alfajiri, kwa hiyo amua mapema unarudi au unakesha, teksi ni ghali.

kibatari:
Naongezea, Golden Gai baa nyingi zinatoza hela ya kukaa kabla hujaagiza kitu, bei huwa imeandikwa mlangoni, soma kwanza. Soda au chai wanakupa bila shida. Usipige picha ndani ya vichochoro bila kuomba. Na kwa vile unaenda mwezi wa 11 ulizia siku za Tori no Ichi, soko la sherehe la kila Novemba, kwenye hekalu la Hanazono, limepakana na Golden Gai kabisa, wenye baa wanakuja kununua reki za mianzi zilizopambwa kuombea biashara, ukinunua mnapiga makofi pamoja na muuzaji. Usiku huo utawaona wenyeji wenyewe.

Msafiri_Mashariki:
Nimeandika yote. Jokakuji mchana, Hanazono jioni, halafu nitatafuta kiti kimoja humo ndani.