Kura za posta zilizochelewa Marekani: Mahakama ya Juu itaegemea wapi?

Mtoa mada:
Wadau, shauri ni Watson (waziri wa jimbo la Mississippi anayesimamia uchaguzi) dhidi ya Kamati ya Taifa ya chama cha Republican, ambalo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kulisikiliza Novemba 10, 2025. Sheria ya Mississippi inaruhusu kura ya posta ihesabiwe ikifika ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchaguzi, mradi muhuri wa posta uwe wa siku ya uchaguzi au kabla yake. Jaji wa shirikisho aliikubali sheria hiyo Julai 2024. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, iliyo ngazi moja chini ya Mahakama ya Juu, ikasema inagongana na sheria ya shirikisho: Jumanne ya uchaguzi ikiisha, kura iwe imeshapokelewa.

Utabiri wangu ni kwamba Mississippi itashinda, 6 kwa 3. Sheria za shirikisho zinazotaja siku ya uchaguzi ni ya 1845 kwa rais, ya 1872 kwa wawakilishi na ya 1914 kwa maseneta, na hakuna hata moja inayogusa suala la kupokea bahasha. Kwenye Foster dhidi ya Love (1997) mahakama ilisema uchaguzi ni vitendo vya pamoja vya wapiga kura na maofisa vinavyolenga kumpata mshindi. Sheria ya Louisiana, iliyobishaniwa humo, iliangushwa kwa kuwa mtu aliweza kuchaguliwa moja kwa moja Oktoba. Mississippi haimalizi chochote mapema. Raia ameshachagua kabla ya usiku wa manane, na kinachobaki ni bahasha kumfikia karani wa uchaguzi. Kuhesabu nako huendelea siku kadhaa kila jimbo, na hakuna aliyedai kuwa kunavunja sheria. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, hiyo Foster umeisoma nusu. Imesema wapiga kura *na maofisa*. Bahasha iliyo kwenye mfuko wa tarishi bado haijafika kwa ofisa yeyote wa uchaguzi. Mzunguko wa Tano uliligusa hilo waziwazi: posta ya Marekani inamruhusu mtumaji kuirudisha barua yake ikiwa bado njiani. Kura ambayo mwenyewe anaweza kuivuta utasemaje imeshapigwa? Na mwaka 1872 kupiga kura kwa kawaida kulikuwa kuikabidhi karatasi mbele ya msimamizi, basi.

Halafu hesabu majaji. Oktoba 2020, Pennsylvania ilipoongezewa siku 3, mahakama iligawanyika 4 kwa 4. Majaji Thomas, Alito, Gorsuch na Kavanaugh walitaka kuzuia. Jaji Barrett, anayeweza kuwa wa tano, hakuwa ameapishwa. Nasema 5 kwa 4, Mississippi inashindwa.

Mtoa mada:
Hapo unachanganya mambo mawili, ndugu. Pennsylvania ugomvi ulikuwa nani aliyeongeza siku: mahakama ya jimbo, si bunge lake. Wisconsin mwezi huohuo, Jaji Mkuu Roberts alikataa kurudisha nyongeza ya siku kwa sababu iliwekwa na jaji wa shirikisho. Mississippi ni bunge lenyewe lililotunga, na wanaoitetea sheria hiyo ni viongozi wa Republican wa jimbo. Tena Aprili 2020, kwenye shauri jingine la Wisconsin, majaji 5 walikubali kura zifike hadi Aprili 13 mradi muhuri uwe wa Aprili 7.

Mchangiaji wa 2:
Ule wa Aprili haukuwa uchaguzi wa Novemba wa shirikisho, na tarehe ya kupokea haikuwa imepingwa mbele yao. Usiupe uzito usio wake.

Mchangiaji wa 3:
Nyote mmeruka swali gumu kuliko yote: wanajeshi na raia walio ng'ambo. Sheria ya 1986, ilivyorekebishwa 2009, inataka karatasi zao zitumwe siku 45 kabla ya uchaguzi. Kwa Novemba 3, 2026 hiyo ni Septemba 19. Lakini haisemi zirudi lini, imeyaachia majimbo. Majimbo mengi yanawapa siku za ziada, hata yale yanayowakatia wengine Jumanne usiku. Florida imepokea kura za ng'ambo hadi siku 10 baadaye tangu miaka ya 1980. Kama "siku" maana yake ni kupokea, hizo zote nazo zinaanguka, labda wapatikane majaji 5 wa kueleza kwa nini mwanajeshi awe tofauti na mgonjwa wa kitandani. Hapo ndipo Barrett na Roberts watakapokwama, na hapo naungana na mtoa mada.

Mchangiaji wa 4:
Mimi naona hata Mississippi ikishinda, muhuri wenyewe hautegemeki kama mnavyodhani. Kanuni ya posta iliyoanza Desemba 24, 2025 imetamka wazi kwamba tarehe ya muhuri wa mashine huenda isiwe siku posta ilipoipokea barua. Bahasha ikitumbukizwa Jumanne jioni baada ya gari kupita, itachukuliwa Jumatano na kugongwa kwenye kituo cha mkoa Jumatano au Alhamisi. Kura hiyo imekufa, hata kama ingefika ndani ya siku 5.

Kwa ndugu zetu wenye uraia wa huko: ingia ndani ya posta, omba kaunta wagonge muhuri kwa mkono mbele yako, hawatozi. Soma tarehe kabla hujaondoka. Na usibebe desturi ya jimbo moja kwenda jingine: mwisho wa kupokea Texas ni saa 11 jioni ya siku inayofuata uchaguzi, California siku 7, Illinois 14. Mississippi kwa uchaguzi wa 2026 ingeishia Jumanne, Novemba 10. Ohio, Kansas, Utah na North Dakota zilifuta muda huo wa ziada 2025.

Mtoa mada:
Hoja ya muhuri naikubali kabisa, na inawapa nguvu wanaopinga. Narekebisha: 5 kwa 4, Mississippi bado. Januari 14, 2026, kwenye shauri la Bost lililotoka Illinois, mahakama ilisema mgombea ana haki ya kushtaki kuhusu kuhesabu kura hizi, kwa hiyo Illinois nayo inasubiri jibu hilihili. Hukumu ikitoka mwishoni mwa Juni, makarani wana wiki kama 11 za kuchapa upya maelekezo ya bahasha kabla ya Septemba 19. Mchangiaji wa 2, ukishinda wewe, kura za wanajeshi unazifanyaje?

Mchangiaji wa 2:
Bunge la Marekani liziruhusu kwa maandishi. Hadi hapo, zifike Jumanne.