Naombeni ushauri: habari yangu ya matunzo ya mtoto inakwenda kwenye kamati ya Bunge, niweke jina?

BintiWaTanga
Habari zenu wakuu. Nipo Leicester mwaka wa tisa sasa, nina binti wa miaka minane. Baba yake tuliachana, na matunzo alikuwa analipa kupitia ofisi ya serikali, wanakata kwenye mshahara kabla haujamfikia. Akahamia Ujerumani, kazi ya ghalani karibu na Hannover. Nikaletewa barua ya ukurasa mmoja: mlipaji haishi tena Uingereza, faili limefungwa. Nikaanza njia ya mahakama, makaratasi yakapelekwa Bonn, kwenye ofisi ya serikali ya Ujerumani inayoshughulikia matunzo ya nje. Mwezi wa kumi na nne huu sijaona hata senti.

Nikaenda kumwona mbunge siku yake ya kusikiliza watu. Karani wake akaniambia kuna kamati ya Bunge la Makabwela, lile la wabunge wa kuchaguliwa, inakusanya maoni juu ya sheria za matunzo yanayovuka mipaka, niandike kurasa mbili. Swali langu: niweke jina au nisiweke? Usingizi sina.

Mzee wa Ngamiani
Pole mwanangu. Hayo ya kamati yaache kwanza. Ndugu yangu alikwenda Oman mwaka 1988 akawasahau watoto watatu. Hatukwenda bungeni wala mahakamani. Kaka yake mkubwa aliuza minazi, watoto wakasoma, na mmoja leo ni mwalimu. Je, umekaa na baba mkwe wako? Wazee wake wanajua?

KijanaWaKariakoo
Kumbe huko mbunge anakaa anasikiliza mtu mmoja mmoja? Wa kwetu nilimwona mara ya mwisho akigawa kofia. Muulize kama anaweza kuhamia huku.

MkenyaLuton
Kwetu Kenya Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au la. Mimi nimelipa miaka sita na sijakosa mwezi, hata nilipofutwa kazi. Wanaume tusitiwe wote kwenye kapu moja. Mama mtoto wangu mwenyewe alinizuia nisimwone kijana hadi...

Mkalimani_72
Wakuu, tumrudie dada. Nimetafsiri kesi za familia mahakamani miaka kumi na moja.

Jina: unaweza kuiomba kamati ilifiche, au waraka wote ubaki siri. Wao ndio wanaoamua, lakini ombi hilo huwa wanalipokea. Usipoomba, waraka unawekwa kwenye tovuti ya Bunge na mzazi mwenzio ataupata kwa kuandika jina lako tu. La pili, kamati haitatui kesi ya mtu mmoja. Haitaipigia simu Bonn. Na jambo ambalo bado liko mbele ya hakimu hawaligusi, kwa hiyo andika namna njia yenyewe inavyokwama, usiandike nani ana haki.

Usidhani kuandika ni kazi bure, lakini. Desemba 2005 Tume ya Ulaya ilileta pendekezo la kanuni ya matunzo yanayovuka mipaka kwa nchi wanachama wa Umoja wa Ulaya. Uingereza ikakataa kujiunga mwanzoni. Kikwazo kikubwa kilikuwa sheria ya kutumia: hakimu wa hapa huamua matunzo kwa sheria ya hapa, na pendekezo lingemtaka mara nyingine aamue kwa sheria ya nchi nyingine. Nani angemlipa mtaalamu wa kumfundisha hakimu wa Leicester sheria ya Ureno? Mama anayedai hela ya viatu? Kamati za mabunge yote mawili ya hapa, la Makabwela na la Malodi, zililichambua pendekezo hilo, na kwa utaratibu wa wakati ule waziri hakupaswa kwenda kukubali Brussels kabla kamati hazijamaliza nalo. Kanuni ilipopitishwa Desemba 2008, suala la sheria ya kutumia lilikuwa limehamishiwa kwenye itifaki ya The Hague ambayo Uingereza haikubanwa nayo. Mwaka 2009 wakajiunga, na ikaanza kutumika tarehe 18 Juni 2011. Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2021 tunatumia Mkataba wa The Hague wa 2007, mkataba wa kimataifa wa kudai matunzo nje ya nchi. Faili lako limepita humo.

Sasa nami nikuulize. Umeandika "nina binti". Hujaandika "naishi na binti". Mtoto anakaa wapi?

BintiWaTanga
Asante sana kaka kwa maelezo. Ila mtoto anahusikaje na hili? Mimi nimeuliza jina tu.

Mama Nuru
Mwanangu, umeulizwa kwa wema. Jibu.

BintiWaTanga
Yuko Tanga, kwa mama yangu, tangu Januari mwaka jana. Jamani msinihukumu. Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, nani angelala naye? Posho ya mtoto ya hapa niliisimamisha mwenyewe, siibi kitu. Ada natuma mimi, dawa natuma mimi.

Na niseme yote: zile kurasa mbili nilishazituma Jumatatu. Nimeandika "naishi na binti yangu". Niliona nikisema yuko Afrika hawatasoma hata mstari wa pili. Kwani uongo uko wapi? Moyoni naishi naye.

Mwanamke Shujaa
Mtoto wa kike umemwachia bibi halafu unadai matunzo? Sisi wengine tulilala nao chini sakafuni.

Mama Nuru
Mimi nimelelewa na bibi Korogwe na sijakosa mapenzi. Mwacheni apumue.

Nondo
Subirini kwanza. Akaunti ina siku nne. Mwanzo kasema ofisi inakata mshahara, halafu baba yuko Ujerumani. Ofisi ya Uingereza ikate mshahara wa Hannover? Mara hajui aweke jina, mara keshatuma. Hii hadithi imetungwa, mnalizwa bure.

KijanaWaKariakoo
Nilikuwa nishaanza kumchangia kimoyomoyo.

BintiWaTanga
Nondo, soma tena. Walikata alipokuwa hapa, alipoondoka wakafunga. Barua ninayo mkononi, imekunjwa mara tatu na ina doa la chai pembeni. Nipige picha niiweke?

Mkalimani_72
Usiweke! Ina namba ya faili na jina la mtoto. Nondo, hilo ni kweli: kwa kawaida ofisi ile inashughulika na mlipaji anayeishi Uingereza tu, akihama inafunga. Yuko sahihi.

Kosa liko kwenye sentensi moja, dada, na ni kubwa. Kuidanganya kamati kwa makusudi ni kulidharau Bunge. Na Bonn swali lao la kwanza litakuwa makazi ya mtoto, maana Tanzania haimo kwenye mkataba wa 2007. Umewaambia mahakamani kwamba alihama?

BintiWaTanga
Bado. Niliogopa faili lisifungwe mara ya pili.

Mkalimani_72
Basi kesho simu mbili. Ya kwanza mahakamani, uwaambie alihama lini na uwaulize njia gani imebaki. Ya pili kwa karani wa kamati, uombe waraka wako waurudishe kabla haujakubaliwa, maana ukishakubaliwa ni mali yao. Kisha andika upya, na habari ya Tanga uiweke juu kabisa. Wasikie kwamba mzazi akivuka mpaka matunzo yanasimama, na mtoto akivuka naye njia inazidi kufinyika. Na habari yako usiimwage zaidi humu, hawapendi maoni yaliyokwisha kuchapishwa kwingine.

Mzee wa Ngamiani
Na huyo bibi, mtoto ana barua yoyote ya ustawi wa jamii? Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua matunzo. Aanzie pale Tanga, siyo mbali.

BintiWaTanga
Nimerudi wakuu. Kamati wameniambia waraka ulikuwa haujapitiwa, wameurudisha. Mahakamani nimeshikilia simu dakika arobaini, wakasema niandike barua na niambatanishe uthibitisho wa shule ya Tanga. Mama ataufuata shuleni Jumatatu. Ameniambia pia sketi ya shule ameshusha pindo mara ya pili na hakuna kitambaa kilichobaki.

Nimeanza upya: "Binti yangu anaishi Tanga, Tanzania, na bibi yake. Mimi naishi Leicester. Baba yake anaishi Ujerumani." Kaka Mkalimani, nikimaliza naomba unisomee Kiingereza chake. Jina nimeomba lifichwe.