Jirani mpya anachimba msingi wa ukuta ndani ya lupango yangu: shefu wa kartie, jeometre, ama tribinali?

Baba Neema
Wapendwa, habari za jioni. Niko Lubumbashi. Mtu amenunua lupango, yaani kiwanja, ya pembeni yangu, na tangu Jumatatu vijana wake wanachimba msingi wa ukuta. Wameingia kwangu, naona kwa macho. Nimewaza njia tatu: nimpeleke kwa shefu wa kartie (kiongozi wa mtaa), nilipe jeometre wa kadastre (mpimaji wa ofisi ya vipimo vya ardhi) aje kupima upya, ama nitafute avoka (wakili) twende tribinali (mahakamani) moja kwa moja. Ipi ina nguvu bila kunimaliza mfuko? Lazima niamue wiki hii, matofali yake yamekwisha kushushwa.

Mama Kamalondo
Pole, papa. Lakini hapo hujatuambia kitu. Ameingia kiasi gani? Komini gani, yaani sehemu gani ya mji? Mkononi una karatasi gani, na yeye ana gani? Mmekwisha kuongea, wewe na yeye, ama unawaongelesha vijana wa chepeo tu? Kila jibu litategemea hayo.

Fundi Mawe
Na mimi nauliza la kwanza kabisa: ni mtaro mtupu au zege imekwisha kumwagwa? Mtaro tunaufukia asubuhi moja, watu wawili. Zege ikikauka na matofali yakapanda mistari mitano, hapo hata mwenye kosa hakubali tena, kwa sababu pesa yake imelala pale.

Yaya wa Kenya
Shefu njo mlango wa kwanza, usipoteze muda. Anajua nani aliuza kwa nani. Sisi hapa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, tuligombana na jirani juu ya mfereji wa maji machafu, shefu akaja na wazee wawili wa avenyu, saa moja tu ikaisha. Hakuna avoka, hakuna kitu. Tulilipa soda.

Baba Neema
Samahani, niliandika na hasira. Ni komini Annexe, kule nje ambako zamani palikuwa pori tupu. Nilinunua 2007. Karatasi ya mauzo inasema mita 20 kwa 30, na nina fishi ya lupango (karatasi ya utambulisho wa kiwanja) kutoka kartie. Sertifika ya kuandikisha ardhi sina, niliendelea kuahirisha mwaka hadi mwaka. Yeye anasema anayo, ila hajanionyesha. Nimepima kwa mkanda wa fundi: mbele ameingia mita 1 na sentimita 40, nyuma karibu mita 2. Ni mtaro tu, zege bado. Kuongea, tumeongea mara moja. Aliniita "muzee" kwa heshima, lakini akasema yeye anafuata plani yake.

Alama ya nyuma ilikuwa juu ya kichuguu kikubwa. Marehemu jirani wa zamani na mimi tuliweka chuma pale, tukakubaliana mstari unapita katikati ya kichuguu. Huyu mpya alipoingia mwezi wa tano, kitu cha kwanza alikibomoa chote akafyatua matofali. Chuma hakionekani tena. Sasa yale matofali yamepangwa mbele ya macho yangu, na nusu yake ni udongo wangu.

Mwanafunzi wa Haki
Papa, hapa ndipo penye uzito. Sheria ya ardhi ya kwetu Kongo, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, inasema udongo wote ni mali ya Serikali (artikili 53). Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Na artikili 219 inasema haki hiyo inathibitishwa na sertifika peke yake. Fishi na karatasi ya mauzo zinaonyesha kwamba ulinunua na unakaa pale, ila mbele ya jaji mwenye sertifika anakutangulia. Kwa hiyo ukikimbilia tribinali leo, na kweli yeye anayo, unaingia vitani na fimbo mbele ya mtu mwenye ngao.

Tena mlango wenyewe unategemea karatasi. Ardhi inayofuata desturi inaamuliwa kwenye tribinali ya amani. Mambo ya sertifika yanapanda kule juu, TGI, yaani tribinali kubwa. Watu wengi wanapoteza miezi kwa kupeleka kesi mahali si pake.

La kufanya kesho: mwombe nakala ya sertifika yake. Inaandika vipimo na ina kroki, yaani mchoro wa lupango. Kama sertifika inasema 20 na yeye anachimba 21 na nusu, karatasi yake yenyewe inakutetea wewe.

Teknisia K.
Mbona mnajisumbua? Pakua programu ya kupima eneo kwenye simu, tembea pembe nne, inakupa mita za mraba na ramani. Mimi nilipima shamba la baba hivyo, bure kabisa.

Fundi Mawe
Kaka, shamba la hekta tatu sawa. Hapa wanagombania mita moja na nusu. Simu inaweza kukosea mita tatu, nne, tano, na chini ya mwembe inakosea zaidi. Ukisimama pale pale asubuhi na jioni inakuonyesha sehemu mbili. Huwezi kumwonyesha jirani kitu hicho.

Papa Mapacha
Baba Neema, soma hii mpaka mwisho, iliniuma miaka sita.

Mimi pia jirani alianza ukuta, mimi pia niliona kwa macho kwamba ameingia. Nikamtafuta jeometre mwenyewe, nikamlipa mwenyewe, akaja siku ambayo jirani amesafiri. Nilidhani nimefanya akili. Akapima, akaandika karatasi: jirani ameingia sentimita 90. Nilifurahi, nikaenda nayo kwa mafundi, nikawaambia simameni. Hawakusimama. Usiku mtoto wangu mkubwa na rafiki zake wakaangusha mistari minne ya matofali. Sikuwatuma, lakini sikuwakataza, na hilo naliungama.

Asubuhi polisi. Mimi ndiye niliyelala ndani siku mbili, si yeye. Alipokuja na avoka wake, swali la kwanza lilikuwa: huyu aliyepima, mwenzako aliitwa? Alitia sahihi? Hapana. Basi ile karatasi ikawa kama karatasi ya kufungia chapati.

Mbele ya jaji wakamtuma jeometre mwingine. Huyu alikuwa mtu mzima, mpole, na kofia ya majani. Hakuanzia kwangu wala kwa jirani. Alitembea mpaka mwanzo wa avenyu, nyumba tisa kutoka kwetu, akatafuta borni (alama ya mpaka) ya zamani ya kadastre. Aliikuta chini ya takataka za kiosko, akaipangusa kwa mkono, jiwe la zege lenye namba. Akaanza kupima kutoka pale, lupango moja baada ya nyingine, na sisi wote tunamfuata nyuma kama mazishi. Na ukweli ukatoka: mwenye nyumba ya kwanza kwenye kona alijenga akamega karibu mita moja ya wa pili. Wa pili akasogea kwa wa tatu. Hivyo hivyo mpaka kwangu. Jirani yangu alikuwa amesukumwa, naye akanisukuma mimi. Yule wa kwanza niliyemlipa alianzia kwenye kona ya ukuta wangu, na ukuta wangu wenyewe ulikuwa si mahali pake kwa sentimita 40!

Tulipatana nje ya tribinali mwaka wa sita. Pesa tuliyolipa avoka wawili ingenunua lupango nyingine nzima. Yule jirani alifariki mwaka uliopita. Nilikwenda kwenye kilio, mke wake akanipa kiti cha mbele. Miaka sita hatukusalimiana, watoto wetu walikuwa shule moja.

Mama Kamalondo
Papa Mapacha, asante kwa kusema na lile la usiku. Wengi wangelificha.

Muzee Ibanda
Niwasalimu kutoka Bukavu. Naongeza kitu ambacho huku kwetu kwenye milima kinatugombanisha sana. Mkanda ukilazwa juu ya mteremko unadanganya. Lupango ikishuka mita 10 toka juu hadi chini, ukalaza mkanda ukasoma 30, kwa usawa wa kweli ni mita 28 na kidogo. Plani ya kadastre inahesabu usawa. Kwa hiyo mtu analia ameibiwa karibu mita mbili, na hakuna aliyemwibia. Nyuma yako unasema mita 2, mbele 1.40. Udongo wako unashuka?

Baba Neema
Unashuka kidogo, muzee, si kama Bukavu. Ila kweli nilipima juu ya kifusi cha kile kichuguu. Sikufikiria hilo.

Mwana wa Goma
Kwetu ilikuwa mbaya zaidi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilimwaga lava mpaka katikati ya mji. Tuliporudi, lupango ya mjomba ilikuwa jiwe jeusi tupu, borni ziko chini, miti hakuna, avenyu yenyewe haionekani. Kila mtu anaonyesha kidole: nyumba yangu ilikuwa hapa. Kilichowasaidia ni majirani wa pande zote kusimama pamoja siku moja, kila mmoja akataja alichokuwa akikiona kutoka mlangoni kwake. Baba Neema, wale wa nyuma na wa upande wa pili wapo? Walikiona kichuguu na chuma? Waite hao kabla ya mtu yeyote wa ofisi.

Yaya wa Kenya
Na nani atawaita? Shefu! Ndiyo nilisema.

Mwanafunzi wa Haki
Yaya, nakubali kwa hilo la kuita watu na kuandika pivi, yaani ripoti ya yaliyoonekana na kusemwa. Lakini shefu wa kartie hatoi mpaka. Anaweza kupatanisha, anaweza kuwaomba mafundi wasimame, na pivi yake ni ushahidi mzuri kesho na keshokutwa. Kusogeza borni hana uwezo. Na kung'oa alama ya mpaka kwa makusudi ni kosa la jinai, ila uthibitishe kwanza kwamba ile ilikuwa alama ya kadastre, si chuma mlichochomeka wawili kwa mapatano ya mdomo.

Yaya wa Kenya
Mapatano ya mdomo kati ya watu wazima wawili si kitu? Baba zetu waliishi nayo.

Mwanafunzi wa Haki
Ni kitu, yaya, mimi siyadharau. Tatizo ni kwamba mmoja wa hao wawili yuko kaburini, na watoto wake wameuza.

Fundi Mawe
Mimi narudi kwenye kichuguu, maana hakuna aliyekizungumzia kwa upande wa ujenzi. Udongo wa kichuguu ndio bora kwa matofali hapa Lubumbashi, unashikana, ukichomwa unalia kama chungu. Namwelewa jirani kukitaka. Lakini kama msingi wake unapita pale pale kilipokuwa, ukuta utapasuka. Chini mna mashimo na vyumba vya mchwa, mvua za Novemba zikija panatitia.

Teknisia K.
Si kweli. Nyumba ya shangazi Ruashi iko juu ya kichuguu, haijapasuka hata mstari.

Fundi Mawe
Walichimba wakashindilia au walisawazisha juu tu?

Teknisia K.
Sijui, nilikuwa mtoto.

Fundi Mawe
Basi nenda kaangalie chini ya dirisha la jikoni halafu urudi hapa. Mimi nimeziba nyufa za namna hiyo kwenye nyumba tatu. Ufa unaanza mwembamba kama uzi, mwaka wa pili unaingiza kidole.

Mama Kamalondo
Tumwachie Baba Neema nafasi. Papa, kuna kitu kimoja bado unakizunguka. Miaka yote tangu 2007, wewe mwenyewe umejenga nini karibu na huo mstari?

Baba Neema
Mama, umenishika. Choo changu kiko pale. Nilikijenga 2011, marehemu akasema hakuna shida. Nikipima kutoka upande wa pili wa lupango yangu, choo kinakaa juu ya mpaka, labda kimevuka sentimita 30. Jirani mpya aliniambia hilo siku ile tulipoongea. Sikuliandika kwa sababu niliona ni kitu kidogo mbele ya mita 1.40 yake.

Mama Kamalondo
Si kidogo. Yeye amelala akifikiri wewe ndiye umeingia kwake, wewe umelala ukifikiri yeye. Anza mazungumzo na choo. Mwambie: jirani, mimi hapa huenda nimekosea, nipo tayari kukihamisha kama kipimo kitasema hivyo. Halafu umwombe asimamishe zege mpaka mpimwe pamoja. Mtu akisikia unakubali lako, mdomo wake unalainika.

Papa Mapacha
Jeometre mmoja, mlipe nusu kwa nusu, wote mpo, mashahidi wapo, sahihi zote chini ya karatasi. Na aanzie kwenye borni ya avenyu, si kwenye kona ya mtu. Mimi sina lingine.

Yaya wa Kenya
Na shefu awepo.

Papa Mapacha
Awepo, yaya.

Baba Neema
Nimetoka kwake sasa hivi. Mke wangu alinisindikiza na sahani ya vitumbua, hatukwenda mikono mitupu. Niliongea habari ya choo kwanza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaingia ndani akaleta bahasha. Sio sertifika. Ni kontra (mkataba) ya kukodi kutoka Serikali, imeandikwa mita 20, na kroki imekunjwa mpaka mstari mmoja umefutika. Hakusema atasimama. Alisema vijana wameshalipwa mpaka Jumamosi, ila kesho watachimba upande wa barabara kwanza. Kuhusu kulipa nusu ya jeometre atauliza kaka yake aliye Likasi, ndiye aliyetoa pesa. Sijui nishike lipi.

Mwanafunzi wa Haki
Papa, kontra ina muda wake. Angalia tarehe ya mwisho na masharti ya kujenga. Na wewe anza faili lako la sertifika wiki hii hii, usingoje mgogoro uishe.

Fundi Mawe
Kesho pita pale asubuhi uone kama kweli wako upande wa barabara. Piga picha mtaro na mkanda ndani yake.

Dada Katuba
Samahani kuingilia. Mimi mpaka hauna shida, ila mwembe wa jirani matawi yote yako kwangu na maembe yanavunja mabati. Nikiyaokota mama mwenye mti anakasirika. Hayo ni ya nani?

Yaya wa Kenya
Yakianguka kwako ni yako.

Muzee Ibanda
Usimwambie mtoto hivyo, yaya. Kwanza, mti ulipandwa kabla ya nyumba yake au baada?